Pingu za Msusi

Mwaka ule serikali iliamka na hamu ya kutunga makosa. Kila tukienda sokoni tulikuta ubao mpya umesimikwa penye daraja, na ajuaye kusoma akitusomea sisi tusiojua. Mara hariri kwenye ukosi wa vazi ni kosa. Mara pipi zenye mapambo ni kosa. Mara kuuza mbilingani kabla ya mwezi wa tano ni kosa, kwa sababu matajiri walikuwa wanashindana kuzila mapema kwa bei ya kuchekesha, na serikali ikaona watu wajifunze kusubiri. Tulilala watu wema, tukaamka wahalifu. Mimi Oroku, mke wa muuza tofu, vile vipande laini vya maziwa ya soya, nilijikuta na makosa yangu mawili kabla hata sijafungua mlango.

Tulicheka sana pale kisimani, mpaka ulipokuja ubao wa nywele.

Ubao ulisema mwanamke wa Edo, mji wetu huu, atengeneze nywele zake mwenyewe. Anayemtengenezea mwenzake kwa malipo ni mhalifu, anayetengenezwa ni mhalifu, na mume anayejua akanyamaza naye ana lake. Aliyetunga hiyo sheria hajawahi kukiona kisogo chake. Kichwa cha mwanamke kina fundo juu, mbawa mbili kando na kishungi kilichovimba shingoni, vyote vimeshikwa na nta, mafuta na kamba za karatasi. Kinyozi hajinyoi, hata watoto wanalijua hilo. Lakini ubao ulikuwa na muhuri wa hakimu wa mji, na sisi tulikuwa na shingo moja moja tu.

Msusi wa uchochoro wetu alikuwa Omaki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi namwambia pole. Mumewe, Yasugoro, alikuwa mtu mzuri wa sura na mzuri wa maneno, na kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kuwa mume wa Omaki. Omaki ndiye aliyenunua mchele, Yasugoro ndiye aliyesema wali umepikwa vizuri.

Sheria ilipotoka, Omaki hakuacha kazi. Alificha vyanuo vyake kwenye ndoo yangu ya tofu, akazunguka kwa wateja wake kupitia milango ya nyuma. Wanasema za mwizi arobaini. Za msusi hazikufika hata nusu yake, kwa sababu Omaki alikuwa na tabia moja ambayo mama yake alishindwa kumtoa: akiwa kazini, chanuo alichomaliza kukitumia hukichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Siku hiyo alitoka kwa mke wa muuza miavuli na ile ndoo ya tofu mkononi, uso wa mnunuzi wa tofu kabisa, na vyanuo vitatu vimesimama kichwani. Akagongana na askari wa hakimu penye kona.

Alijibebea kosa lote peke yake, na adhabu yake ilikuwa pingu, siku hamsini, nyumbani kwake. Wakamfunga mikono mbele, wakafunga kufuli, kisha wakabandika ukanda wa karatasi yenye muhuri juu ya tundu la ufunguo. Kila baada ya siku tano askari atakuja kuukagua muhuri. Ukikutwa umechanika, umelowa au una doa, maana yake ni kwamba pingu zimechezewa, na Omaki atafukuzwa Edo asirudi tena. Alizaliwa Edo. Nje ya Edo hakuwa na hata shangazi.

Askari aliyepewa kazi hiyo aliitwa bwana Kuramochi. Alikuwa kijana mwenye shingo nyembamba, mpole, anayeomba radhi kabla ya kukanyaga mkeka. Sikumpenda hata hivyo. Mbwa mpole naye ana meno.

Basi maisha mapya yakaanza. Omaki hakuweza kwenda nyumba ya kuogea, maana mvuke ungeibandua karatasi, kwa hiyo nilimfuta kwa kitambaa. Hakuweza kushika vijiti vya kulia wali, kwa hiyo Yasugoro alimlisha. Mara ya kwanza alimtia supu puani.

"Mdomo uko chini ya pua, baba," Omaki alimwambia. "Haujahama."

"Tulia basi! Wewe ndiye unayetikisika."

"Miaka yote nimekulisha, sijakukosa hata siku moja."

Yasugoro akapuliza kijiko kinachofuata kwa uangalifu mkubwa. Nilimwona nikamsamehe mambo kadhaa.

Lakini vichwa vya uchochoro, mwenzangu! Pasipo Omaki kila mmoja alijitengeneza kama ubao ulivyoamuru. Mke wa fundi seremala alitoka na mbawa moja juu na nyingine imelala sikioni. Mimi mwenyewe kishungi changu kilihamia bega la kushoto, na mume wangu, ambaye hajawahi kuona kitu, aliniuliza kama nimeanguka ngazini. Tulikutana kisimani tukitazamana na kulia kwa kucheka.

Kicheko kiliisha siku Kisaburo, mtengeneza mapipa wa karibu na lango, alipokuja na zawadi ya samaki wawili wekundu mkononi, akapiga magoti mlangoni kwa Omaki.

"Dada, binti yangu Ochise anaolewa kesho," akasema. "Mama yake angekuwepo angejua la kufanya. Mimi najua kufunga pipa tu. Nimejaribu."

Ochise alikuwa nyuma yake na kitambaa kichwani. Akakivua. Kweli alikuwa amefungwa kama pipa.

"Mama wa mume wake ana duka la udi mtaa wa Kanda," Kisaburo aliendelea. "Mwanamke yule akikutazama unajiona una madoa. Binti akiingia hivi, atachekwa mpaka azeeke."

Omaki aliinua mikono yake, pingu zikalia. "Kaka Kisaburo, unaziona hizi?"

"Naziona. Nisamehe. Sikujua pa kwenda pengine." Akaanza kuinuka.

Omaki alimtazama Ochise, ambaye hakuwa analia, alikuwa amebana midomo tu kama mtu anayebeba maji na hataki yamwagike. Nywele za mtoto huyo alizifunga Omaki mwenyewe tangu akiwa na miaka mitatu.

"Kaa hapo," Omaki akamwambia. "Mikono wamenifunga. Mdomo hawakuufunga. Oroku! Njoo, wewe ni mkono wangu wa kulia. Mwite mke wa seremala awe wa kushoto."

Mzee Tokubei, msimamizi wa nyumba zetu, alikuwa anapita. Kisheria yeye ndiye anayejibu kwa kila kosa la wapangaji wake, kwa hiyo alikuwa mtu mwenye tumbo bovu daima. Alichungulia, akaona chanuo mkononi mwangu, akafumba macho.

"Mimi leo macho yananiuma," akasema. "Sioni kabisa. Nakwenda kukaa langoni nifanye mazoezi ya nyimbo za hekaluni. Askari akitokea, huenda nikaimba kwa sauti zaidi."

Alikuwa na sauti ya mlango mbovu. Tukaanza kazi tukimsikiliza.

Sijawahi kutukanwa kama siku ile. "Vuta, Oroku, si ng'ombe huyo, vuta taratibu! Mafuta kidogo, unataka kumkaanga? Mke wa seremala, mbawa yako imenuna, iinue. Hivyo. Hapana, sivyo. Ulikuwa umepata, kwa nini umeachia?" Mikono yangu ilijaa mafuta ya nywele ya kamelia mpaka viwikoni. Mke wa seremala alisema ni afadhali apigwe na mumewe kuliko kufundishwa na Omaki. Ochise alianza kucheka, na kila akicheka fundo linahama, na Omaki anapiga kelele upya.

Lakini kikatokea kichwa! Fundo likasimama, mbawa zikafunguka, kishungi kikakaa shingoni kwa utulivu. Kisaburo aliingia akamwona binti yake, akatoka tena akasimama akitazama mapipa yake.

Ilibaki shughuli ndogo. Unywele mmoja mwembamba ulikuwa umechomoka juu ya sikio. Mimi sikuuona. Mke wa seremala hakuuona. Omaki aliuona, na fundi ni fundi: kabla sijageuka aliruka na pingu zake, akashika ncha ya chanuo kwa vidole viwili, akaurudisha unywele ule mahali pake kwa pigo moja.

"Sasa ndiyo," akasema.

Tukamsindikiza bibi arusi mpaka kwao langoni, tukarudi tukicheka. Omaki alikuwa amekaa pale pale, anatazama mikono yake, uso umekwisha damu.

Tone la mafuta lilikuwa limeanguka kwenye muhuri. Karatasi ilikuwa imeng'aa katikati, duara zuri, kiasi kwamba tundu la ufunguo lilionekana chini yake. Ukaguzi ulikuwa kesho asubuhi.

Tulinyunyiza majivu, doa likayala majivu. Tulinyunyiza unga wa mchele, likaula na unga. Yasugoro akasema anaweza kuchonga muhuri mpya kwenye kipande cha figili.

"Wewe mwanaume!" nikamwambia. "Kughushi muhuri ni kukatwa kichwa! Hilo si kosa jipya, hilo ni la zamani, wanalijua vizuri."

"Basi tufanyeje?" Yasugoro akauliza. "Oroku, wakimfukuza na mimi naondoka. Nitambebea vyanuo. Lakini ataishi wapi? Huyu nje ya Edo hawezi, hata Edo yenyewe ng'ambo ya mto anaiita kijijini."

Omaki alicheka kidogo, kisha akalia, na nilishindwa kumfuta machozi kwa sababu mikono yangu bado ilinuka kamelia. Niliogopa sana saa ile. Nilijua kabisa jinsi uchochoro utakavyokuwa mwenzangu asipokuwepo upande wa pili wa ukuta.

Mwisho tukakubaliana hivi: ni mafuta ya chakula. Tulikuwa tunamlisha dagaa wa kukaanga, likadondoka tone. Dagaa. Kila mtu aseme dagaa. Tukakaanga dagaa kweli, tukafukiza chumba kizima.

Asubuhi bwana Kuramochi akaja, akaomba radhi, akakanyaga mkeka, akainama juu ya pingu. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Hili doa ni la nini?"

"Dagaa, bwana," nikasema upesi. "Nilikuwa namlisha dagaa wa kukaanga."

Akageuka kwa Mzee Tokubei, ambaye alikuwa ameingia nyuma yake. "Na wewe msimamizi, unajua lolote?"

Tokubei! Tulimsahau Tokubei! Alikuwa langoni anaimba, hakuna aliyemwambia.

"Tofu, bwana," Tokubei akasema. "Ni tofu ya kukaanga. Huyu mama mumewe anauza tofu, ndiyo maana... tofu."

"Dagaa au tofu?"

Yasugoro akaona ni zamu yake kuokoa jahazi. "Vyote, bwana! Dagaa, na tofu, na..." Akatafuta chakula cha kukaanga kichwani mwake, akakipata anachokipenda kuliko vyote. "Na mbilingani!"

Bwana Kuramochi akainua kichwa.

"Mbilingani," askari akarudia taratibu. "Mwezi huu wa nne?"

Mzee Tokubei aliketi chini bila kutafuta mahali pa kuketi. Tulikuwa tunajitetea kwa kosa moja, sasa tuna mawili, na la pili hata hatujalionja.

"Aliota, bwana," Omaki akasema. "Mume wangu huota mbilingani. Wazee husema ni ndoto ya bahati, lakini yeye huota mchana."

Askari hakucheka. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yenu nyinyi haikufika hata mlangoni. Tokeni wote. Wewe unayemlisha, baki."

Nikabaki. Bwana Kuramochi aliinamia tena muhuri, safari hii kwa pua. Alinusa mara moja, akafumba macho. Harufu ya kamelia huwezi kuifananisha na dagaa hata ukikaanga bahari nzima. Nikajua tumekwisha.

"Ufuta," akasema.

"Bwana?"

"Ni mafuta ya ufuta. Nanusa vizuri." Akatazama mkeka. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. "Mke wangu ametii sheria tangu siku ya kwanza ulipowekwa ubao."

"Hongera zake," Omaki akasema kwa uangalifu.

"Si za kupongezwa. Mama yangu anamcheka. Majirani, wake wa askari wenzangu, wanamcheka, nao vichwa vyao ni vile vile. Amekaa ndani mwezi mzima, hataki hata kwenda hekaluni. Usiku nasikia anafungua, anafunga, anafungua." Akachungulia mlangoni kama kuna anayesikia. "Kile kishungi cha nyuma. Kinakaaje?"

Mimi na Omaki tukatazamana.

"Bwana, kufundisha si kosa?" Omaki akauliza.

"Ubao unakataza kutengeneza kwa malipo. Hausemi kitu kuhusu kuzungumza. Nimeusoma mara nyingi."

"Kwanza chanuo chenye meno mapana," Omaki akasema, na sauti yake ikaanza kurudi. "Nywele za nyuma uzigawe kabla ya kutia mafuta. Wengi wanakosea hapo. Oroku, geuka umwonyeshe kisogo chako, aone jinsi isivyotakiwa kuwa."

Niligeuka. Kwa ajili ya rafiki yangu niligeuka, nikashikwa kichwa na mkono wa serikali, huku Omaki akimwambia, "Vuta, bwana, usiogope, huyo ana kichwa kigumu." Alikuwa na vidole vyepesi, nisiseme uongo. Askari aliposimama, alibandua karatasi yenye doa, akaiweka kwenye mkono wa vazi lake, akabandika mpya akaipiga muhuri.

"Waambie huko nje," akasema mlangoni, "siku nyingine wachague chakula kimoja."

Akaja tena na tena, kila siku yake ya ukaguzi. Alikuwa akikagua muhuri haraka, kisha anauliza: Nta inayeyushwa kiasi gani? Mbawa ikilala inainuliwaje? Na mke wa seremala akawa anapita kwa bahati mbaya, na mke wa muuza miavuli naye kwa bahati mbaya, mpaka chumba kikajaa wanawake na askari mmoja, wote wametulia wanasikiliza mdomo wa mfungwa. Vichwa vya uchochoro vikaanza kupendeza. Walimfunga msusi mmoja, wakapata tisa. Kisaburo akaleta habari kutoka Kanda kwamba mama mkwe alimzunguka Ochise pande zote akitafuta pa kusema, akakosa, akamwuliza tu kama amekula.

Siku ya mwisho ilikuwa ya joto. Tulisimama wote mlangoni. Bwana Kuramochi aliibandua karatasi, akafungua kufuli, pingu zikaanguka kwenye mkeka. Vifundo vya mikono ya Omaki vilikuwa vyeupe na vyembamba. Yasugoro akavichukua vyote viwili akaanza kuvisugua, machozi yakimtoka mbele za watu.

Askari akakohoa. "Sheria bado ipo," akasema kwa sauti ya kazini. "Ubao haujaondolewa. Kwa hiyo, mama, ukitoka nyumbani..." Akashusha sauti. "Chanuo usikiache kichwani."

Omaki akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Hapo ndipo nilipoiokota ile karatasi ya muhuri iliyobanduliwa, nikataka kuitupa. Nikaiinua kwenye mwanga. Katikati ya muhuri wa hakimu wa mji palikuwa na alama ya kidole gumba, kikubwa, cha kiume, iliyong'aa kwa mafuta. Nikainusa. Kamelia tupu.

"Bwana Kuramochi," nikamwita alipokuwa amefika kisimani. "Hili doa ni la nini?"

Aligeuka, akaona nilichoshika. Akavitazama vidole vyake, akavificha ndani ya mikono ya vazi. Uchochoro mzima ulikuwa unamtazama, na Mzee Tokubei alikuwa tayari anafumba macho.

"Mbilingani," akasema. "Sasa ni msimu wake."